Salfa ya Bwana Likanga

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya bima nilivaa viatu vyeupe vya unesi, kwa sababu sikuwa na vingine vya heshima. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, nimeuguza watu Bukoba miaka kumi na sita, na mume wangu alikuwa amehamishiwa Bandari ya Mtwara kuendesha kreni. Hospitalini hapakuwa na nafasi. Shirika la bima lilikuwa na nafasi moja, na tangazo lake lilitaka mtu mwenye ujuzi wa mambo ya afya na asiyeona aibu kuuliza maswali. Nikasema moyoni, kama ni maswali ya aibu, mimi hata padri nimeshamuuliza mara ya mwisho alikwenda haja kubwa lini.

Meneja wa Tawi alikuwa Mpare mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukunja kila karatasi mara mbili kabla ya kuisoma. Alivitazama viatu vyangu, akanitazama usoni, akavitazama tena.

"Karibu, Sista," akasema, na jina hilo likanishika mpaka nastaafu. "Nikueleze tofauti ya kule ulikotoka na hapa. Kule mtu anakuja akiwa anaumwa. Hapa anakuja akiwa mzima, na anakuapia kwamba hajaumwa tangu azaliwe. Kazi yako ni kutomwamini, lakini kwa adabu."

Nyinyi mnaoikuta kazi hii ndani ya kompyuta mtadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Ngoja niwaeleze. Mtu akikata bima ya maisha, shirika linamwahidi kwamba akifa kabla ya muda fulani, watu wake watalipwa. Sasa huwezi kumwahidi mtu usiyemjua. Lazima kwanza umpime: umri wake, kazi yake, ukoo wake ulikufa na nini, na yeye mwenyewe anaumwa nini. Hiyo ndiyo tathmini ya hatari. Ukishampima, majibu ni manne tu: ndiyo; ndiyo lakini kwa ada ya nyongeza; subiri kwanza; na hapana. Neno "hapana" hatukulipenda, na miaka ile lilikuwa na uzito kuliko siku hizi. Wakati ule ukimwi ulikuwa hauna dawa za kurefusha maisha, kwa hiyo mtu akikataliwa bima, mtaa mzima ulijua kwa nini, hata kama haukujua.

Kilichotusaidia zaidi kumpima mtu kilikuwa dawa alizowahi kutumia. Watu walificha magonjwa kwa ustadi wa ajabu. Mwalimu mmoja wa Mtawanya alijaza fomu nzima mbele yangu, akaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni kwamba hatumii dawa yoyote, kisha akaniomba maji ya kumezea kidonge chake cha sukari. Nilimpa maji. Halafu nikampa na kalamu.

Baada ya miezi michache nilipelekwa makao makuu, Dar es Salaam, kwa mafunzo ya wiki sita. Aliyetufundisha ni Mkuu wa Kitengo cha Tathmini, mama mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa mnyororo na kuivaa pale tu alipotaka kumkemea mtu. Asubuhi ya kwanza aliandika ubaoni jina la dawa moja, Inderali, akauliza mgonjwa huyu anaumwa nini. Mimi nesi nikarukia: "Presha."

Akavaa miwani. "Labda. Au kipandauso. Au goita. Au ni mtu anayetetemeka mikono akisimama mbele za watu. Dawa si ugonjwa, Sista. Dawa inakuambia tu kwamba kuna swali la kuuliza."

Somo lake la pili ndilo nililolisema maisha yangu yote kwa waombaji, na wengi hawakuniamini. Mtu anadhani akitaja dawa zake atakataliwa, kwa hiyo anazificha. Kumbe sivyo. Mwenye presha anayemeza vidonge vyake kila siku, mwezi baada ya mwezi, na daftari la duka la dawa linamshuhudia, huyo tunamwandikia bima, pengine kwa nyongeza kidogo tu. Anayetutia hofu ni yule aliyepewa vidonge vya mwezi mmoja, akapata nafuu, akaacha. Vidonge ni vile vile, lakini wa kwanza anaujua ugonjwa wake na wa pili anadhani umeondoka.

Nilirudi Mtwara najiona profesa. Na profesa huyo ndiye aliyekwenda Madimba mwezi wa saba kumjazia fomu Bwana Issa Likanga.

Siku hizi Madimba inatajwa kwa gesi. Wakati ule ilitajwa kwa korosho. Bwana Likanga alikuwa mkulima wa hapo, mjane wa kiume, mwenye binti mmoja, Somoe, aliyekuwa darasa la pili mwaka ule. Alikuwa amesikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba shirika letu lina bima ya elimu: unalipia miaka kumi na miwili, ukifa katikati, mtoto anasomeshwa, ukifika mwisho ukiwa hai, fedha ni zako. Sharti moja gumu ni kwamba siku ya kutia saini uwe hujatimiza miaka arobaini na mitano. Bwana Likanga alinionyesha jalada la ndani la msahafu wa babu yake, ambako tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa kwa wino wa kahawia. Angetimiza arobaini na mitano Ijumaa ya mwisho ya Septemba.

Tulikaa barazani kwake, kwenye mkeka, jioni bado kuna mwanga. Nilimuuliza habari za ukoo.

"Baba alianguka," alisema. "Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Kaka naye alianguka, arobaini na sita."

"Waliangukia wapi? Mtini?"

"Hapana, Sista. Walianguka tu. Sisi kwetu hatufiki hamsini." Alimtazama Somoe aliyekuwa akichambua dagaa uani. "Mimi kufa siogopi sana, wote tutakufa. Ninachoogopa ni ntoto huyu aachie darasa la nne, akafue nguo za watu. Mama yake aliniachia ahadi hiyo moja."

Niliandika. Kazi yake? Mkulima wa korosho, miti mia na kitu. Kisha nikageuza ukurasa, na juu ya ukurasa wa pili kulikuwa na swali la dawa. Fomu ilikuwa imetafsiriwa na mtu aliyeheshimu sana wino, kwa hiyo swali lilikuwa fupi: "Dawa zinazotumika, ugonjwa, na mara ngapi."

"Dawa gani inatumika?" nikamsomea.

"Salfa."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Ubwiri. Mwaka huu umekuja na nguvu."

"Mara ngapi?"

"Mara tano kwa msimu, kuanzia mwezi wa sita. Ukichelewa, umekwisha."

"Inasaidia?"

"Bila salfa, Sista, mimi nisingekuwa na kitu."

Sasa mnicheke. Mimi ni mtu wa kahawa na migomba. Mkorosho nilikuwa sijawahi hata kuugusa. Ubwiri, nilijiambia, ni ukungu wa ngozi, maana hata nguo iliyolala na unyevu inaota ubwiri. Na kwa ukungu wa ngozi kuna marhamu ya salfa, niliyowapaka watoto wa Bukoba mpaka vidole vyangu vikanuka kiberiti. Bwana Likanga naye alikuwa ananuka kiberiti. Kila kitu kilikaa sawasawa. Nikaandika kwa mwandiko safi: "Salfa, mara tano kwa msimu, kwa ajili ya ubwiri (ukungu)." Alitia saini, akatia saini pia karatasi ya ridhaa, ile inayoturuhusu kuuliza habari zake hospitalini na kwenye duka la dawa. Nikaondoka na mihogo ya kuchoma ndani ya gazeti.

Majibu yalikuja katikati ya Agosti. Meneja wa Tawi aliniita, na mbele yake kulikuwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa taarifa ya ndani kutoka kwa Daktari Mshauri wa makao makuu, yeye ndiye mwenye neno la mwisho kwenye mambo ya ugonjwa. Iliandikwa hivi: matumizi ya muda mrefu ya vidonge vya salfa, pamoja na maambukizi ya ukungu yanayojirudia, ombi likataliwe. Bahasha ya pili ilikuwa barua ya kukataa, ya kumpelekea Bwana Likanga mwenyewe, imefungwa.

Kwa nesi wa miaka ile, vidonge vya salfa na ukungu vikikaa pamoja havikuhitaji maelezo: ni ukimwi. Nilimkumbuka Somoe na dagaa zake. Nikajilaumu kwamba nilimkalia mgonjwa uso kwa uso na sikumwona.

"Vidonge?" nikasema. "Mimi nilidhani ni marhamu."

"Ulidhani," alisema Meneja, akiikunja taarifa ile mara mbili. "Dawa huandikwa na daktari, na daktari huandika cheti. Cheti cha salfa hiyo kiko wapi? Umekiona?"

"Sijakiona."

"Basi barua hii haitoki humu ndani mpaka ukione. Kijiji kile ni kidogo. Tukimpelekea 'hapana' kwa kosa letu, hakuna barua ya kumsafisha."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Murtaza. Huyu alikuwa na duka la dawa mjini. Babu yake alianza na duka la nguo Mikindani, na yeye alizaliwa na kukulia hapa hapa. Watu walimwita Daktari ingawa hakuwa daktari, na daftari lake la vyeti lilikuwa nene kama matofali mawili. Kila cheti kilichopita kaunta yake kilikuwa humo: jina, dawa, idadi, siku. Hakulifungua mpaka alipoisoma karatasi ya ridhaa, pande zote mbili, ingawa wa nyuma ulikuwa mtupu.

"Likanga Issa, wa Madimba," akasema, akishusha kidole. "Klorokwini ya mtoto, ya mwaka juzi. Dawa ya minyoo, ya mtoto. Salfa hakuna."

"Basi labda anaipata hospitali. Ni ya muda mrefu, Daktari. Ana ubwiri."

Kidole kikasimama. "Nani ana ubwiri?"

"Yeye."

Alivua miwani taratibu. "Sista, wewe ni mtu wa wapi?"

"Bukoba."

"Bukoba kuna mikorosho?"

"Hakuna."

"Basi vuta kiti ukae."

Nilikaa. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, kwamba salfa ni unga wa manjano. Kwamba Mtwara nzima huupuliza kwa mashine kwenye mikorosho kuanzia mwezi wa sita. Kwamba ubwiri ni ule ukungu mweupe unaoshambulia maua ya mkorosho. Na kwamba ukimuuliza mkulima wa hapa mwezi wa saba, "dawa gani inatumika," atakujibu hivyo hata akiwa amelala. Neno moja, watu watatu, kila mmoja na dawa yake: Likanga alisema ya miti, mimi nikasikia ya kupaka, Daktari Mshauri akasoma ya kumeza. Nilicheka pale kitini mpaka machozi yakanitoka, na nusu ya machozi yalikuwa ya shukrani. Mtu wangu alikuwa mzima.

"Lakini ngoja," alisema Bwana Murtaza, na kidole chake kilikuwa kimeshuka tena kwenye daftari. "Hii hapa chini ni yake. Inderali, vidonge vya mwezi mmoja. Mwaka jana, mwezi wa tatu. Hakurudi tena."

Nikaacha kucheka. Baba alianguka, kaka naye alianguka, na mimi nikauliza kama waliangukia mtini.

Kesho yake nilikuwa Madimba. Nilianza na habari ya mkorosho, nikitubu. Bwana Likanga alishika mbavu. Alimwita jirani wa kulia, akamwita na wa kushoto.

"Njooni msikie," aliwaambia. "Sista kanikatia nkorosho bima ya maisha, na nkorosho umekataliwa."

Walicheka kwa zamu, mmoja akitulia mwingine anaanza. Walipoondoka ndipo nikamuuliza habari ya Inderali.

"Zile? Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikaenda zahanati, nikaandikiwa. Nilimeza, kichwa kikapona, nikaacha. Na hilo nalo linaandikwa?"

"Linaandikwa."

Akahesabu kwa vidole. "Zimebaki siku ngapi mpaka Ijumaa ile?"

"Arobaini na moja."

"Usipoandika?"

"Nitaeleza habari ya mikorosho, utakubaliwa wiki ijayo."

"Na ukiandika?"

"Sijui, Bwana Likanga."

Nasema kweli, nilitamani sana kunyamaza. Wiki sita zilikuwa zimepotea kwa kosa langu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini nilikuwa nimeliona daftari.

"Kalamu ni yangu," nikamwambia, "ila bima ni ya Somoe. Siku ukianguka, watakuja watu kutoka makao makuu, na watakwenda kwa Bwana Murtaza kama nilivyokwenda mimi. Watalikuta jina lako kwenye mstari ule ule. Halafu watamwambia Somoe kwamba baba yake alificha, na hawatamlipa."

Aliutazama uwanja wake uliofagiliwa. "Andika," alisema. "Ntoto asije akaambiwa baba yake mwongo."

Tulikwenda hospitali pamoja. Nesi alimpima presha, akampima tena mkono wa pili, kisha akanitazama mimi wala si yeye. Ilikuwa juu, ile ya juu inayowaangusha watu wazima wakiwa wanapalilia. Daktari wa pale alimwandikia vidonge vya aina mbili, Inderali na vya kukojoza, akamwambia hivi si vya kichwa, ni vya kila siku.

Kisha nikapiga simu makao makuu, ile simu ya kupitia kwa opereta, ofisi nzima ikijifanya inafanya kazi.

"Daktari, ni kuhusu yule mwombaji wa salfa."

"Ndiyo, masikini. Anaendeleaje?"

"Salfa ile hajipaki yeye, Daktari. Hamezi. Inapigwa mikorosho."

"Na ubwiri?"

"Ni wa mikorosho pia."

"Sista, unaniambia mgonjwa ni mti?"

"Ndiyo, Daktari. Miti mia na kitu."

Nilimsikia akiweka simu mezani. Nilimsikia akimweleza mtu mwingine, na huyo mtu akipiga kelele. Aliporudi nilimsomea habari ya presha, na sauti yake ikawa ya kazi. Alinipa masharti. Asingemkubali mtu aliyeacha dawa. Ila kama angemeza vidonge vyake bila kukosa, akapimwa kila wiki kwa wiki nne, na vipimo vitatu vya mwisho vikawa chini, angemkubali kwa nyongeza. Na kila kipimo kiende na ushahidi wa duka la dawa kwamba vidonge vya wiki hiyo vimechukuliwa. Nilihesabu siku. Kipimo cha mwisho kingeangukia Jumatano, siku mbili kabla ya yeye kutimiza arobaini na mitano, maana wiki ya kwanza yote ililiwa na taratibu za makaratasi.

Nimewahi kufuatilia kazi nyingi, lakini hakuna niliyoifuatilia kama ile. Kila Jumatano Bwana Likanga alikuja mjini kwa baiskeli kutoka Madimba, na mimi nesi nikamzuia asipimwe mpaka akae nusu saa benchini, kwa sababu presha ya mtu aliyetoka kunyonga baiskeli ni presha ya baiskeli. Bwana Murtaza alimpa vidonge vya siku saba tu kwa mara moja, akagonga muhuri. Nyumbani msimamizi alikuwa Somoe. Alichora mstari wa mkaa ukutani kila baba yake alipomeza, na siku moja alipokwenda shuleni kabla hajaona kidonge kikishuka, alirudi mbio nusu ya njia.

Kipimo cha kwanza kilikuwa bado juu. Cha pili kilishuka. Cha tatu kilishuka zaidi, na nesi akaniambia nikapumzike, mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa. Cha nne, Jumatano ile, kilikuwa kizuri kiasi kwamba nilikiangalia mwenyewe kwa macho yangu kwenye mashine. Tulituma faksi saa sita mchana. Alhamisi asubuhi mashine ikaanza kulia, karatasi ikatoka polepole, na Meneja wa Tawi, ambaye hakuwahi kusoma karatasi kabla ya kuikunja, aliisoma ikiwa bado inatoka. "Amekubaliwa. Nyongeza ndogo. Kila mwaka alete ushahidi wa dawa."

Alitia saini Alhamisi hiyo hiyo saa tisa, Somoe akiwa ameshika kibweta cha wino kama shahidi. Meneja aliichukua ile barua ya "hapana" kwenye droo, haijafunguliwa, akaichana mara mbili, kisha akanigeukia.

"Sista, siku nyingine ukitaka kuandikisha mti, uliza kwanza umri wake."

Utani huo ulinifuata miaka mingi. Nilipohamishiwa makao makuu, kwenye kitengo chenyewe cha tathmini, nilikuta wameshanipa jina la Mama Mkorosho. Mkuu wa Kitengo aliniita wiki ya kwanza, akavaa miwani. Nikajua nimekwisha.

"Kosa lako lilikuwa moja," alisema, "ya fomu yalikuwa mawili. Liandike upya lile swali."

Nikaliandika: "Je, wewe mwenyewe unameza, unadungwa au unajipaka dawa gani? Usitaje dawa za shambani wala za mifugo."

"Mifugo ya nini?"

"Kabla mtu wa Shinyanga hajatuletea josho la ng'ombe, Mkuu."

Lilipita bila kubadilishwa neno. Nilikaa Dar es Salaam miaka minne, nikapelekwa Lindi kufungua ofisi ndogo yenye meza moja na feni isiyozunguka, na mwisho nikaomba kurudi Mtwara, ambako mume wangu alikuwa bado juu ya kreni yake. Katika miaka hiyo nilisoma majina ya dawa zaidi ya niliyosoma hospitalini. Nilikuja kuziona fomu kwa namna nyingine kabisa. Nilipoanza nilidhani kazi yetu ni kuwakamata wanaoficha. Baadaye nikaona kwamba wengi hawafichi, ila hakuna aliyewauliza kwa lugha yao, na wengine hawajui kwamba wanaumwa mpaka karatasi ya bima iwapeleke hospitali. Kama mko kwenye kazi hii leo, na mashine inawaambia hapana, nawaomba mpige simu kwanza. Nimefanya kazi iliyonifurahisha. Si kila mtu anayeweza kusema hivyo.

Nilistaafu mwezi mmoja baada ya bima ya Bwana Likanga kuiva, kama tulivyosema ofisini bima ikifika mwisho wa muda wake. Alikuja asubuhi, kofia mpya, baiskeli imebaki nyumbani. Aliongozana na Somoe, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa kwenda kusomea ufamasia, naye sasa ndiye aliyebeba mkoba wa dawa za baba yake. Walikaa mbele yangu. Nilichukua fomu ya malipo, nikaipachika karatasi za kaboni, nikaanza kusoma maswali yote, kwa sababu utaratibu ni utaratibu hata kwa rafiki. Jina. Namba ya bima. Swali la tatu lilikuwa: "Je, mwenye bima yu hai?"

Nilinyanyua macho. Bwana Likanga alikuwa amekwishayafuta ya kwake kwa ncha ya kanzu, miaka hamsini na saba na siku kadhaa, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki.

"Andika ndiyo, Sista," alisema. "Na uibonyeze vizuri hiyo kalamu, ifike mpaka kopi ya tatu."